Siku tano ndani ya korongo la Paria: mwongozo kamili wa kupanga safari ya miguu

Mto Paria huanzia kwenye nyanda za juu karibu na Bryce Canyon, kusini mwa jimbo la Utah, ukakata jangwa na kuishia mto Colorado, pale Lees Ferry, Arizona. Kati ya White House, kituo cha kuanzia safari upande wa Utah, na Lees Ferry kuna kilomita 61 za korongo. Anayepita huko hubeba hema, chakula na jiko mgongoni, na sehemu kubwa ya safari hutembea ndani ya mto wenyewe, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, pengine magotini, huku kuta za mawe mekundu zikipanda mamia ya futi kila upande.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani, hasa wa Phoenix, Las Vegas na Salt Lake City wanaoweza kufika kwa gari, na kwa yeyote wa nyumbani anayefikiria kuja kutembea. Wengi wetu tumekua tukitembea masafa marefu kwa miguu, kwa hiyo kilomita 61 kwa siku tano hazitutishi. Lakini kwenye korongo la jangwani umbali si hesabu ya kwanza. Hesabu ya kwanza ni maji: yako wapi, yapi yananyweka, na ni lini yanaweza kuua. Ukishaipanga safari kwa maji, mengine yote hujipanga nyuma yake.

1. Chagua mwezi kabla ya kuchagua wenzako

Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Machi inawezekana, ila maji ni ya baridi kali na jua halifiki chini ya korongo kwa saa nyingi. Mtu aliyelowa kutwa nzima, joto lake la mwili linaweza kushuka kwa hatari akiwa katikati ya jangwa, jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii. Juni ni kavu, lakini joto la mchana hupita nyuzi 38, na kilomita za mwisho hazina kivuli. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba ni msimu wa mvua za radi za alasiri. Kwa miezi hiyo ushauri wangu ni mfupi: usiende. Wapo wanaokwenda na kurudi salama, lakini wewe unayeanza huna sababu ya kuchagua msimu ambao kila wingu linakuhusu.

Sehemu nyembamba za korongo hubaki na ubaridi hata mwezi Mei. Usiku wa Aprili na Oktoba unaweza kukaribia kuganda, hivyo begi la kulalia liwe la kuhimili nyuzi sifuri.

2. Pata kibali

Eneo hili linalindwa kisheria tangu mwaka 1984 na linasimamiwa na BLM, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia ardhi ya umma. Kulala ndani ya korongo kunahitaji kibali, na wanaoruhusiwa kuanza safari ya kulala ni watu 20 tu kwa siku kutoka vituo vyote. Kundi lisizidi watu 10. Maombi hufanyika mtandaoni, miezi kadhaa kabla. Ada imekuwa ndogo, dola chache kwa kila mtu kwa kila siku, lakini thibitisha kiwango cha sasa kabla ya kulipa.

Tarehe za Aprili, Mei na wikendi za Oktoba huisha haraka. Njia rahisi ni kuanza katikati ya wiki. Kibali kina tarehe ya kuanza na kituo cha kuanzia. Usije ukadhani utabadilisha ukifika. Na kibali cha Paria hakikuruhusu kwenda kwenye ile miamba yenye mawimbi iitwayo The Wave. Iko jirani, ila ina kibali chake na bahati nasibu yake.

3. Amua njia: White House au Buckskin

Kuna milango miwili inayotumika zaidi. White House ndiyo rahisi: unashuka na mto Paria polepole, korongo linajifunga hatua kwa hatua, na mteremko wa safari nzima hauzidi mita 400. Mlango wa pili ni Wire Pass, unaokuingiza Buckskin Gulch, ufa wa zaidi ya kilomita 20 ambao mahali pengine mtu hunyoosha mikono akagusa kuta zote mbili. Ni mojawapo ya makorongo membamba marefu zaidi duniani, na uzuri wake hauna mfano.

Pamoja na hayo, kwa safari ya kwanza nasema White House. Buckskin ina madimbwi ya matope baridi ambayo kina chake hubadilika baada ya kila mvua, na karibu na mwisho kuna rundo la mawe makubwa ambapo mara nyingi unalazimika kushusha mabegi kwa kamba na kushuka wewe mwenyewe kwa uangalifu. Karibu urefu wake wote hakuna mahali pa kupandia maji yakija. Tena barabara ya kwenda Wire Pass, House Rock Valley Road, ni ya udongo, na ikilowa hugeuka utelezi ambao gari la kawaida halipiti.

Hupotezi kila kitu ukianzia White House. Ukifika kwenye makutano ya Paria na Buckskin, acha begi kwenye kingo ya juu, beba maji na kamera, uingie Buckskin kidogo kisha urudi. Ukiwa humo inua macho. Utaona magogo yamekwama kati ya kuta mbili, juu mno kuliko kichwa chako, pengine na nyasi kavu zimejisokota pembeni. Hakuna aliyeyaweka pale. Ni mafuriko yaliyopita, na gogo ndilo linalokuonyesha maji yalifika wapi.

4. Ratiba ya siku tano

Tembea kushuka na mto, kutoka White House kwenda Lees Ferry, usifanye kinyume. Sababu ni kwamba sehemu nyembamba kuliko zote iko mwanzoni, kati ya kilomita ya 7 na ya 15 hivi. Utabiri wa hali ya hewa unaaminika zaidi kwa siku ya kwanza na ya pili kuliko ya tano, kwa hiyo unavuka sehemu ya hatari ukiwa na taarifa mpya.

Lala White House usiku wa kuamkia safari. Kuna eneo dogo la kupiga hema. Anza kutembea alfajiri. Siku ya kwanza unafika makutano ya Buckskin, kilomita 11. Kuna vichuguu vya mchanga vilivyoinuka ambako watu hulala, kidogo ndani ya Buckskin. Ikiwa utabiri una shaka yoyote ya mvua, usilale hapo: kama mna miguu ya kutosha endeleeni hadi Big Spring, kilomita ya 19, na kama hamna, msiingie sehemu nyembamba kabisa siku hiyo.

Siku ya pili ni kilomita 8 tu hadi Big Spring, na ni fupi kwa makusudi. Hapa ndipo maji safi ya kwanza yanapotoka ukutani, na hapa ndipo utakapotaka kukaa, kukausha soksi na kutazama mwanga ukihama juu ya mawe. Siku ya tatu ni kama kilomita 16 hadi Shower Spring. Njiani, upande wa kulia, kuna kijikorongo cha Wrather. Pandeni humo mkaone Wrather Arch, tao kubwa la mwamba. Kulala ndani ya Wrather kumekatazwa.

Siku ya nne korongo linafunguka. Mto unajaa mawe makubwa, na njia inaanza kuuacha ikapanda kwenye miteremko ya vifusi. Siku ya tano ni kilomita 13 za jua kali na mchanga hadi ranchi ya zamani ya Lonely Dell na kisha Lees Ferry. Siku hizi mbili ndizo zinazowachosha watu, kwa kuwa walijiandaa kwa vivuli vya mwanzo wakasahau kwamba mwisho ni jangwa tupu. Amka saa kumi na moja, tembea hadi saa nne asubuhi, pumzika chini ya jiwe lolote lenye kivuli, umalizie jioni.

Ukitembea ndani ya maji, hesabu kilomita mbili hadi tatu kwa saa. Usitumie mwendo wako wa barabarani.

5. Maji ya kunywa

Mto upo miguuni mwako muda wote, na bado unaweza kupata kiu. Paria hubeba tope jingi mno, na juu yake kuna mashamba na malisho ya ng'ombe, kwa hiyo maji yake si ya kunywa isipokuwa umekwama. Tegemea chemchemi. Tatu za kukumbuka ni Big Spring kwenye kilomita ya 19, Shower Spring kwenye ya 35, na ile ya mwisho ya kuaminika karibu na kilomita ya 40. Kabla ya Big Spring huna uhakika wa kitu. Kwa hiyo unapoondoka White House unabeba maji ya kunywa na kupikia hadi siku ya pili.

Kiasi gani? Lita nne kwa mtu kwa siku ndicho cha chini, na siku za wazi za mwisho ongeza hadi lita sita. Lita moja ni kilo moja. Siku ya kwanza utabeba kilo sita au saba za maji peke yake, na baada ya chemchemi ya mwisho utabeba tena mzigo kama huo kwa kilomita zaidi ya 20. Wengi huipita chemchemi hiyo ya mwisho wakidhani iko nyingine mbele. Weka alama kwenye ramani, na ukiifika jaza kila chombo ulicho nacho, hata mfuko wa akiba.

Siku chache kabla ya kuondoka piga simu ofisi ya BLM iliyo mji wa Kanab, Utah, uulize chemchemi zina hali gani na madimbwi yana kina gani. Askari wa hifadhi hupokea taarifa kutoka kwa watu waliotoka ndani wiki hiyo hiyo.

Maji ya chemchemi nayo yachujwe au yatiwe dawa. Beba kichujio pamoja na vidonge, kwa sababu kichujio kikikutana na tope la Paria huziba upesi. Ikikulazimu kutumia maji ya mto, chota kwenye ndoo ya kukunja, tia shabu kidogo, kiasi cha ncha ya kisu kwa lita chache, koroga, uache. Ni shabu ileile ambayo bibi zetu wa pwani walitumia kutuliza maji ya mtungi, na wasafiri wa mto Colorado huitumia hadi leo. Tope hushuka chini baada ya saa chache. Kumbuka tu kwamba shabu huyafanya maji yaonekane safi kwa macho, haiui vijidudu. Mimina maji ya juu taratibu kwenye chombo kingine, kisha chuja na utie dawa.

Kunywa maji matupu kutwa nzima huku unatoka jasho nako kuna hatari, kwani chumvi ya mwili hushuka. Pakiti za ORS ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Mwenzako akilalamika kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, mpelekeni kivulini, mloweshe shingo na nguo, mpe ORS kidogo kidogo. Akianza kuongea asichokielewa au kuyumba, hiyo ni dharura: endeleeni kumpoza na muombe msaada hapo hapo.

6. Mafuriko ya ghafla

Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon, jirani na mji wa Page, karibu na njia utakayopita. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi kutoka pale walipokuwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hili: katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya namna hiyo yaliua watu mwaka 2012 na tena 2019. Mwamba mtupu haunywi maji. Mvua ya nusu saa kwenye eneo pana hukimbilia yote kwenye ufa mmoja, na ufa huo ukiwa na upana wa mita tano, maji hayana pa kwenda ila juu.

Kwa hiyo usitazame mbingu iliyo juu yako peke yake. Soma utabiri wa Bryce Canyon na wa mji wa Tropic, takriban kilomita 60 kaskazini, na wa nyanda za magharibi zinazoingiza maji Buckskin. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa kila siku kiwango cha hatari ya mafuriko kwa makorongo ya Utah kusini, kwa madaraja manne. Daraja la chini kabisa ndilo linalokuruhusu kuingia. Daraja la pili, "yanawezekana", kwangu mimi maana yake ni kubaki nje. Vilevile mto Paria una vipimo vya serikali vinavyoonekana mtandaoni, kimoja juu ya White House na kingine Lees Ferry. Vitazame kwa wiki nzima kabla ya safari ili ujue mto ukiwa mtulivu unakuwaje; hapo utatambua mara moja ukibadilika.

Uamuzi wa kuahirisha ufanyeni mkiwa nyumbani, mkakubaliane kwa maandishi: utabiri ukisema hivi, hatuingii. Mtu aliyeendesha gari saa tano, akalipa kibali na kuomba ruhusa kazini, akifika mlangoni huanza kuona mawingu madogo kuliko yalivyo. Wekeni pia safari ya pili ya akiba, isiyopita korongoni, ili kughairi kusiwe na uchungu.

Mkiwa ndani, kila mnapopumzika tazama ni wapi mtapanda. Laleni juu ya alama za maji: mstari wa vijiti, nyasi zilizolala upande mmoja, tope lililokauka ukutani. Dalili za mafuriko ni maji kubadilika rangi ghafla au kuongezeka, vijiti na povu kuanza kuelea, upepo wa baridi kutoka juu ya mto, na ngurumo isiyokoma. Ukiona moja, usikusanye vitu. Panda, na ubaki juu. Maji huweza kuja mkupuo wa pili, na huchukua saa nyingi, pengine siku nzima, kushuka. Ndiyo maana chakula cha siku moja ya ziada ni sehemu ya ratiba.

7. Mzigo na viatu

Viatu ndivyo vitakavyoamua utafurahi au utateseka. Usivae vya ngozi, havikauki. Vaa viatu vya kutembelea vya kitambaa, vyenye soli ngumu, vinavyopitisha maji, na ndani yake soksi za neopreni (mpira laini unaotunza joto), hasa miezi ya baridi. Mchanga huingia na kusaga ngozi, basi kila mnaposimama vua, suuza, angalia kama kuna wekundu, bandika plasta kabla lengelenge halijatoka. Beba soksi kavu za kulalia na uzitunze zisiguswe na maji mchana.

Fimbo mbili za kutembelea ni za lazima. Maji ya tope hayaonyeshi chini, na kuna mahali mchanga humeza mguu hadi gotini. Gonga mbele kabla ya kukanyaga. Ukizama usivute kwa nguvu: legeza mguu kwa kuutikisa, egemea nyuma, utoke polepole.

Ndani ya begi tandika mfuko mnene wa plastiki, kisha begi la kulalia na nguo kavu ziwe na mfuko wao mwingine. Mzigo wote pamoja na maji ukizidi kilo 18, punguza. Moto wa kuni umekatazwa. Tumia jiko dogo la gesi. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni, wanaotoka mbali wainunue Kanab au Page. Asubuhi kung'uta viatu, nge wapo.

8. Chakula

Chakula cha kifurushi kinachouzwa madukani kinafaa, lakini ni ghali, nacho chetu kinabebeka vizuri. Chapati kavu hukaa siku mbili hadi tatu. Dagaa waliokaushwa na kukaangwa bila mchuzi ni wepesi, wana chumvi na protini, nao hawahitaji moto. Tende, korosho, karanga na ubuyu hujaza mifuko ya kutafuna njiani. Asubuhi uji wa lishe wenye maziwa ya unga. Ugali uache nyumbani: unakula gesi na unakudai maji ya kuosha sufuria, vitu viwili usivyokuwa navyo.

Usiku fungia chakula kwenye chombo kigumu au kitundike. Panya na kunguru wa kambi zile wamezoea watu, na hutoboa begi zima kwa ajili ya njugu chache.

9. Choo

Korongo ni jembamba, na kilichozikwa mchangani huishia mtoni. Kinyesi hubebwa nje, ndani ya mifuko maalumu yenye unga wa kugandisha na kuua harufu. Chukua miwili kwa kila mtu kwa siku, iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, nje ya begi. Sabuni, hata ile ya "asilia", isiingie mtoni wala kwenye chemchemi.

10. Magari, saa na mawasiliano

Mwanzo na mwisho wa safari ni mbali kwa barabara, saa moja na nusu hadi mbili kupitia Page. Mkiwa na magari mawili, acheni moja Lees Ferry kwanza. Mkiwa na moja, kodini usafiri wa mtu wa huko, mliache gari lenu Lees Ferry na mpelekwe White House asubuhi. Ni afadhali kumaliza safari mkikuta gari linawangoja kuliko kumngoja dereva juani. Angalieni saa pia: kuanzia Machi hadi Novemba Utah iko mbele ya Arizona kwa saa moja, na miadi mingi ya usafiri imeharibika kwa sababu hiyo tu.

Simu haishiki ndani ya korongo. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni muhimu, lakini penye kuta zilizobanana nacho huenda kisione mbingu ya kutosha, na mtalazimika kutembea hadi panapofunguka. Mwachie mtu nyumbani karatasi yenye majina ya wote, namba za magari, njia, kila mahali mtakapolala, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu atapiga simu. Utafutaji hufanywa na polisi wa kaunti: Kane kwa upande wa Utah, Coconino kwa upande wa Arizona. Muandikie namba zote mbili, na saa hiyo muipange iwe na nusu siku ya ziada, kwa sababu kundi lililongoja maji yashuke limefanya jambo sahihi na halistahili kutafutwa kwa helikopta.

Mkitoka Lees Ferry mtandao unaweza kuwa dhaifu. Endesheni hadi Marble Canyon au Page mkampigie yule mtu kabla ya kwenda kula.